Kijana wa miaka 16, mwembamba, anacheza mpira, kaambiwa mishipa yake "imekakamaa". Inawezekana kweli?

#1 Mama Mapacha
Habari wakuu. Nina mapacha, wa kiume na wa kike, miaka 16. Wiki iliyopita walipimwa afya shuleni. Binti presha 112/68, akapita. Kaka yake 134/76, wakarudia, 136/74. Akawekwa pembeni, akafungwa mashine nyingine inayobana mkono na kutoa karatasi yenye mstari wa mawimbi. Chini ya karatasi pameandikwa "umri wa mishipa: 29".

Hakunionyesha. Aliikunja mara nne akaiweka ndani ya soksi, nikaikuta wakati wa kufua, ikiwa imelowa upande mmoja.

Ni mrefu, mita 1.86, mwembamba kama mwanzi, mpira anacheza mara tatu kwa wiki. Wamekula chungu kimoja na dada yake tangu waache kunyonya. Sasa naomba mnisaidie: mishipa ya mtoto inaweza kukakamaa? Na kama inaweza, imeanzia wapi? Nimelala saa tatu tu tangu jana.

#2 Natia Nanga
Pole mama. Nami nina wa miaka 15, natia nanga hapa nisikilize wajuvi.

#3 Chumvi Kidogo
Mimi sizunguki: chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apunguziwe zaidi. Chumvi nyingi haitoki kwenye chungu chako mama, inatoka kwenye vile vya pakiti anavyokula akiwa hayuko mbele yako. Soma nyuma ya pakiti, kisha zidisha kwa pakiti anazomaliza. Mimi nilipofanya hesabu hiyo kwa mwanangu nilikaa chini.

#4 Mama Mapacha
@Chumvi Kidogo, ahsante. Ila dada yake ndiye mla vya pakiti hapa ndani. Huyu wa kiume hata biskuti humaliza kwa shida.

#5 Fundi wa Pampu
Mimi si daktari, natengeneza pampu za maji, lakini hili la mishipa linafanana na kazi yangu mpaka linanishangaza.

Funga koki ghafla kwenye bomba la chuma, utasikia kishindo mpaka chumba cha pili. Fanya hivyo kwenye bomba la mpira laini, hutasikia kitu, kwa sababu mpira umetanuka ukakimeza kile kishindo. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni, aota, ni bomba la mpira. Moyo ukisukuma, unatanuka. Moyo ukipumzika, unajikunja wenyewe na kuendelea kusukuma damu mbele. Ndiyo maana damu haikatiki kati ya pigo na pigo.

Bomba likiwa gumu, wimbi la msukumo hukimbia kasi zaidi. Kipimo chenyewe kiko hivi: kihisi kimoja shingoni, kingine kwenye kinena, unapima umbali na muda. Chukua mfano wa nusu mita kwa moja ya kumi ya sekunde. Hapo ni mita 5 kwa sekunde, na vijana wengi wenye afya wako jirani na hapo. Wimbi hilo hilo likitumia nusu ya muda huo, ni mita 10, na huo ndio mstari ambao miongozo ya Ulaya ya 2013 iliuweka kwa watu wazima.

Kwa hiyo mama, uliza kwanza: kijana wako kapimwa mita ngapi kwa sekunde, na kwa njia gani? "Umri wa mishipa" ni tafsiri ya mashine. Mimi ningetaka namba.

#6 Nesi wa Zamu
Fundi umeeleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa chuo. Nakazia hapo mwishoni.

Mama, kabla ya kulia naomba majibu ya haya:
Alikaa dakika 5 kimya kabla ya kupimwa? Mgongo uliegemea, miguu ikakanyaga chini, mkono ukawa usawa wa moyo? Alikuwa anaongea? Mkanda ulimtosha? Ule mpira wa ndani unatakiwa uwe na upana wa karibu asilimia 40 ya mzingo wa mkono, na urefu wa kuuzunguka kwa asilimia 80 hadi 100. Mkanda mdogo kuliko mkono husoma juu.

Miongozo ya madaktari wa watoto ya Marekani ya 2017 inasema kuanzia miaka 13 presha ni 130/80 na kuendelea, lakini kwa vipimo vya siku tatu tofauti. Siku moja haitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa. Na kabla ya kuthibitisha wanapendekeza mashine inayovaliwa saa 24, mchana na usiku.

#7 Mama Mapacha
Nimemuuliza. Walipimwa wakati wa mapumziko. Alitoka uwanjani, akasimama kwenye foleni, akakaa, akafungwa. Wenzake walikuwa wanamchekesha.

#8 Nesi wa Zamu
Basi hicho kipimo kirudiwe upya. Sisemi mtoto hana tatizo, nasema bado hatujampima.

#9 Kijiti
Msimtulize mama wa watu bure. Mishipa huharibika mapema sana. Wanajeshi wa Marekani waliokufa Vietnam walipasuliwa wakiwa vijana wadogo, robo tatu wakakutwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Vijana wa kukimbia na mizigo mgongoni!

#10 Msoma Majarida
@Kijiti, hoja ni nzuri ila umechanganya vita. Walioleta ile robo tatu ni waliokufa Korea. Ripoti ilitoka 1953, miili 300, wastani wa umri miaka 22, na asilimia 77.3 walikutwa na dalili kwenye mishipa ya moyo. Ya Vietnam ilitoka 1971, miili 105, asilimia 45.

Na kuna jambo la pili. Kilichoonekana kwa wale wanajeshi ni mafuta na utando ndani ya ukuta wa mshipa. Mama anauliza kuhusu ukakamavu, yaani ukuta wenyewe kupoteza unyumbufu. Mara nyingi hivi viwili huenda pamoja uzeeni, lakini si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa na mshipa laini wenye mafuta, au mgumu usio na mafuta.

Kama unataka ushahidi wa watoto wadogo zaidi, tazama Bogalusa, mji wa Louisiana, Marekani, ambako Gerald Berenson na wenzake walifuatilia watoto tangu miaka ya 1970. Mwaka 1998 walitoa matokeo ya miili 204 ya watu wa miaka 2 hadi 39, wengi wakiwa wamekufa kwa ajali. Kadiri mtu alivyokuwa na vihatarishi vingi zaidi, yaani uzito, presha, mafuta ya damu, sigara, ndivyo madoa kwenye mishipa yalivyotapakaa.

#11 Kijiti
Nimekubali, Korea. Lakini hoja yangu kwamba huanza mapema iko palepale.

#12 Msoma Majarida
Iko palepale, mkuu.

#13 Daktari Mwanafunzi
Niko mwaka wa nne. Nashangaa hakuna aliyegusa urefu wa kijana.

Mita 1.86, mwembamba, mwanamichezo, namba ya juu imepanda na ya chini iko kawaida. Hii sura inajulikana. Kwa kijana mwenye mishipa laini, wimbi la presha hukua likisafiri kutoka moyoni kuelekea mkononi. Kwa hiyo mkononi unasoma 134 wakati kwenye aota ni chini ya hapo kwa kiasi kizuri. Wapo watafiti walioiita presha ya uongo ya ujana.

Tena mashine nyingi za mkononi hazipimi kasi ya wimbi shingoni na kinena. Zinaikisia kwa kutumia umri na namba ya juu. Sasa kama ile 134 ni ya mkononi tu, mashine imemhukumu mtoto mara mbili kwa kosa moja: kwanza kwenye presha, kisha kwenye "umri wa mishipa".

Yaani inawezekana kabisa kaambiwa mishipa ni migumu kwa sababu ni laini mno.

#14 Mama Mapacha
Nimesoma hii mara tatu. Mungu akubariki mwanangu, leo nitalala.

#15 Msoma Majarida
Samahani mama, sitaki kukuharibia usingizi, ila upande wa pili nao usemwe. Huko Chicago walifuatilia watu zaidi ya 27,000 wa miaka 18 hadi 49 kwa wastani wa miaka 31. Waliokuwa na namba ya juu pekee iliyopanda, ya chini ikiwa kawaida, walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo kuliko wenye presha ya kawaida. Matokeo yalitoka 2015. Hiyo presha "ya uongo" haikuwa ya uongo kwa wote.

#16 Daktari Mwanafunzi
Kweli, lakini hao walianzia miaka 18 na wengi walikuwa watu wazima hasa. Huwezi kumbandika mtu wa miaka 45 juu ya mvulana wa 16 aliyerefuka mwaka jana.

#17 Msoma Majarida
Wala huwezi kumwambia mzazi asiangalie.

#18 Daktari Mwanafunzi
Sijasema hivyo. Rudia #13.

#19 Kocha Mstaafu
Nimefundisha vijana miaka 22. Mama, kijana ananyanyua vyuma? Siku hizi wote wanajifungia na vyuma bila mtu wa kuwasimamia, wanabana pumzi mpaka macho yanatoka. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliwapima wanyanyua vyuma 5 kwa mrija uliowekwa ndani ya mshipa wenyewe. Wakisukuma uzito kwa miguu, wastani ulifika 320/250, na mmoja alizidi 480/350. Nilipozisoma hizo namba nilibadilisha mazoezi yangu siku hiyo hiyo. Toa pumzi unaposukuma!

La pili, vinywaji vya kuongeza nguvu. Nimeshika mikono ya vijana kabla ya mechi, mapigo yanadunda kama wameshakimbia kipindi cha kwanza, na kopo tupu liko chini ya benchi.

#20 Fundi wa Pampu
Kocha, hizo namba ni za sekunde chache, zinashuka ukiweka chuma chini. Hata bomba langu huvumilia kishindo cha mara moja.

#21 Kocha Mstaafu
Cha mara moja, sawa. Cha kila jioni kwa miaka mitatu?

#22 Daktari Mwanafunzi
Tafiti za vyuma na ukakamavu zinagongana, nyingine ziliona mishipa inakaza, nyingine hazikuona kitu. Mazoezi ya pumzi, kukimbia, kuogelea, baiskeli, ndiyo yanayosifiwa na wengi.

#23 Binadamu Tu
Ngoja niseme ambalo wote mnalizunguka. Mtoto aliyeficha karatasi kwenye soksi anajua kwa nini ameificha. Mama, umemuuliza kuhusu vepu, zile sigara za kielektroniki?

#24 Chumvi Kidogo
Taratibu basi. Mtoto kaogopa tu.

#25 Binadamu Tu
Nami nimeuliza tu. Wangu nilimkuta nayo kwenye mfuko wa kalamu, niliichukua nikidhani ni kalamu ya kuangazia maandishi.

#26 Kaka wa Tisa
Nina miaka 19, naomba niseme kwa niaba ya huyo dogo. Mimi nilianza na miaka 15, sigara za kugawana, baadaye vepu. Nilijiona mzima kwa sababu nilikuwa na mbio. Kilichonistua ni saa ya mkononi ya rafiki yangu. Tulikuwa tumekaa, tunasubiri gari, mapigo 72. Nikavuta, nikaangalia tena, 94. Sikuwa nimenyanyuka hata kidogo. Niliitazama ile namba mpaka ikashuka.

Sikuacha siku hiyo. Niliacha miezi mitano baadaye, mama yangu aliposimama nami bila kunifokea. Mama Mapacha, akikuambia ukweli, usimfokee. Ukimfokea, siku nyingine haitakuwa soksi.

#27 Msoma Majarida
Ahsante mdogo wangu, na nina habari njema kwako. Kuna watoto waliozaliwa eneo la Bristol, Uingereza, 1991 na 1992, wanafuatiliwa mpaka leo. Watafiti walichukua 1,266 kati yao, wakauliza sigara na pombe walipokuwa na miaka 13, 15 na 17, kisha wakapima kasi ya wimbi la mpigo wakiwa na 17. Waliokuwa wamevuta zaidi ya sigara 100 maishani mwao walikuwa na mishipa migumu kuliko waliovuta chini ya 20. Waliokunywa pombe nyingi kwa mkupuo nao hivyo, na waliofanya vyote viwili walikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini walioacha ndani ya ujana huo huo, mishipa yao ilifanana na ya wasiovuta. Ilichapishwa 2018.

#28 Kaka wa Tisa
Hiyo ya mwisho nimeipiga picha.

#29 Nesi wa Zamu
Nikotini hubana mishipa na kupandisha mapigo ndani ya dakika chache. Hivyo kama alivuta asubuhi hiyo, hata kipimo kilichofanywa vizuri kingepanda. Hii nayo iingie kwenye maswali.

#30 Babu Ngazi
Wajukuu, nina miaka 71 na dawa za presha ninazo tangu 54. Mimi naona mmesahau usingizi. Mjukuu wangu taa ya simu inawaka chini ya shuka saa nane usiku, asubuhi anaamshwa na watu watatu. Mwili usiolala unapumzika saa ngapi? Presha inatakiwa ishuke usiku, asipolala haishuki.

#31 Natia Nanga
Babu umenigusa. Kijana anatakiwa kulala saa ngapi?

#32 Nesi wa Zamu
Miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Babu yuko sahihi, hata Chama cha Moyo cha Marekani kilipofanya orodha yao ya mambo saba ya kulinda moyo ya 2010 kuwa manane mwaka 2022, kilichoongezwa ni usingizi. Na Shirika la Afya Duniani linataka vijana wajishughulishe wastani wa dakika 60 kila siku. Mara tatu kwa wiki na kukaa siku nne mbele ya skrini hakujafika hapo.

#33 Babu Ngazi
Mimi hupanda ngazi za ghorofa nne kila siku, sishiki ukingo. Ndilo jina langu hilo.

#34 Kijiti
Babu shikamoo. Ukingo ushike tu, tunakuhitaji hapa.

#35 Babu Ngazi
Marahaba. Nitashika wakati wa kushuka.

#36 Mkunga wa Zamani
Naomba kuuliza jambo moja, mama. Walizaliwa na uzito gani hawa mapacha?

#37 Mama Mapacha
Binti kilo 2.6. Huyu wa kiume kilo 1.9. Alikaa wodini siku 19. Kwa nini?

#38 Mkunga wa Zamani
Kwa sababu nyuzi za elastini, zile zinazoupa mshipa unyumbufu, mwili huzitengeneza kwa wingi tumboni na utotoni, kisha kiwanda karibu kinafungwa. Alizopata ndizo atakazotumia maisha yake yote. Daktari David Barker wa Uingereza aliandika sana kuhusu watoto wanaozaliwa wadogo na moyo wao wa ukubwani. Mwaka 1997 wengine wakaeleza kuwa huenda ni hizi nyuzi zilizopungua. Chungu ni kimoja, ila hawakuanza sawa.

#39 Fundi wa Pampu
Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika ni zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka. Nyuzi hizo zinavutwa kila pigo, na hakuna vipuri. Nimeacha chai ikapoa.

#40 Mama Mapacha
Kwa hiyo ni mimi. Nilipokuwa na mimba yao nilitapika mpaka mwezi wa sita, nilikuwa sili.

#41 Mkunga wa Zamani
Hapana binti yangu, hapana kabisa. Mapacha hugawana nafasi tumboni, mara nyingi mmoja hupata kidogo. Nimewapokea mapacha wengi, kilo 1.9 aliyeishi na kufika mita 1.86 amelelewa na mama hodari. Nimeuliza ili daktari alijue hilo, usije ukasahau kulitaja.

#42 Daktari Mwanafunzi
Nami niseme wazi: uzito wa kuzaliwa ni kihatarishi kidogo mbele ya sigara au unene. Wengi waliozaliwa wadogo wana presha nzuri. Kaulize pia kama baba au wajomba walipata shambulio la moyo mapema, na apimwe mafuta ya damu. Kuna lehemu (kolesteroli) nyingi ya kurithi, takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300, na hao unaweza kuwakuta wembamba kabisa.

#43 Chumvi Kidogo
Na figo. Presha ya mtoto bila mkojo na figo kuangaliwa haijakamilika. Bado nasema na chumvi.

#44 Mama Mapacha
Nimerudi baada ya siku saba. Nimeazima mashine, mkanda unamtosha, nimefuata #6 neno kwa neno. Asubuhi 119 hadi 123. Jioni 126 hadi 131. Jumanne usiku 138, tulikuwa tumegombana kuhusu simu. Namba ya chini haikuvuka 76.

Nilikaa naye jikoni, taa kubwa nimezima. Nikamwambia karatasi nimeiona na sijakasirika. Akanyamaza muda mrefu. Akasema vepu amevuta "mara chache" tangu likizo. Mara chache ni ngapi sikuuliza. Akaniuliza yeye: "Mama, nitakufa nikiwa na 29?" Alikuwa ameielewa ile karatasi hivyo. Siku zote hizo alikuwa anatembea na wazo hilo.

#45 Kaka wa Tisa
Mama umenitoa machozi. Mwambie asome #27.

#46 Daktari Mwanafunzi
Asubuhi 119 hadi 123 inanipa moyo. Bado nasimama na urefu.

#47 Binadamu Tu
Na jioni inapanda kwa sababu gani? Jioni ndipo wanapokutana na wenzao.

#48 Babu Ngazi
Jioni amechoka kwa sababu hakulala jana yake.

#49 Nesi wa Zamu
Wote mnabashiri. Mama, hizo za jioni ziandike kwenye karatasi, na saa, uende nazo. Omba mashine ya saa 24.

#50 Mama Mapacha
Tumepangiwa Alhamisi, atavaa mpaka Ijumaa. Dada yake kaomba avae naye ili kaka asione aibu shuleni, tumeambiwa mashine ni moja. Nitaleta majibu hapa hapa.

#51 Natia Nanga
Nami nimempima wangu leo, 128/70. Ila nilitumia mkanda wangu, na mimi ni mnene, ulimzunguka karibu mara mbili. Nirudie?

#52 Nesi wa Zamu
Rudia. Mkanda mkubwa husoma chini.